Raketi hajawahi kuishika, lakini "kiwiko cha tenisi" anacho

Leo tuache siasa pembeni kidogo, naomba tuongee habari ya kiwiko. Wengine mnaita kisukusuku, wengine kivi, ilimradi ni pale mkono unapokunjwa. Naandika kwa sababu cha mama yangu mzazi kimetusumbua karibu mwaka mzima, tumetumia hela, tumedanganyika, na mwisho nikagundua kuwa huu ugonjwa wanao watu wengi tu mtaani na hawajui hata jina lake. Mwenzenu si daktari, nimeishia kidato cha nne. Naandika kama mtoto wa mgonjwa aliyeuliza maswali mengi na kusoma alichoweza. Yakikugusa, nenda kwa wataalamu ukiwa na maswali yako mkononi.

Kwanza niwape kisa chenyewe. Mama anauza chapati huku kwetu Tandika. Anaamka saa tisa usiku, anakanda unga kilo nne, anasukuma, anakaanga, ikifika saa kumi na mbili asubuhi meza iko barazani. Mchana anafulia watu nguo. Hizo chapati na hizo nguo ndizo zinazomsomesha mdogo wangu wa kike. Kwa hiyo mkono wa kulia wa mama ukilala, nyumba nzima imelala.

Mwaka jana katikati akaanza kulalamika maumivu upande wa nje wa kiwiko. Mwanzoni akikamua nguo tu. Baadaye akishika sufuria. Baadaye hata kufungua kifuniko cha chupa. Siku moja chupa ya chai ikamponyoka mbele ya wateja, ikapasuka, chai yote chini. Mama hakusema kitu, akachukua ufagio akafagia kwa mkono wa kushoto. Hapo nikajua kuna jambo.

Ushauri ukamiminika kama mnavyojua uswahilini. Jirani akasema ni baridi yabisi, kwa sababu anashika maji ya baridi usiku. Shangazi akasema ametupiwa kitu na wenzake wa biashara. Mzee mmoja akaleta mafuta ya kuchua, mama akachuliwa mpaka ngozi ikababuka. Hakuna cha nafuu wala nini.

Ndipo akaenda dispensari moja hapa jirani, sitaitaja. Akachomwa sindano palepale panapouma, shilingi elfu kumi na tano. Jamani, siku ya nne mama anasukuma chapati huku anaimba! Tukasema haya, yameisha. Akafua mpaka mablanketi ya watu aliyokuwa ameyakataa. Baada ya kama miezi miwili maumivu yakarudi, tena makali kuliko mwanzo. Akachoma ya pili, ikadumu mwezi na kidogo. Ya tatu haikumaliza hata wiki tatu. Siku aliponiambia "baba, niazime elfu kumi na tano nikachome tena", ndipo nilipojiuliza swali ambalo ningejiuliza tangu siku ya kwanza: hii sindano ni ya nini hasa?

KIWIKO KINAUMA, ILA MCHAPAKAZI NI KIGANJA

Hebu fanya hivi hapo ulipo. Nyoosha mkono wako wa kulia mbele, kiganja kitazame chini. Kwa mkono wa kushoto papasa upande wa nje wa kiwiko, utakuta nundu ya mfupa. Sasa inua kiganja cha kulia kuelekea juu, kama trafiki anayesimamisha gari. Unahisi misuli ya juu ya mkono inavyokaza? Misuli hiyo yote inakwenda kujishikiza kwenye ile nundu kwa kano. Kano ni ile kamba nyeupe ngumu inayounganisha msuli na mfupa, ukinunua nyama ya mguu wa ng'ombe buchani utaiona.

Sasa kunja ngumi kwa nguvu. Misuli ileile imekaza tena, sivyo? Hapa ndipo penye siri. Kila unapokamata kitu kwa nguvu, hiyo misuli inafanya kazi ya kukishikilia kifundo cha mkono kisikunjike. Kwa hiyo kukamua nguo, kushika nyundo, kuzungusha bisibisi, kupiga rangi kwa brashi, kukata nyama kwa panga, kusukuma chapati, mzigo wote unaishia kwenye kikano kidogo pale kwenye nundu. Unashangaa kiwiko kinauma wakati kazi umefanya kwa kiganja.

Mzigo ukizidi uwezo wa kano kujikarabati, siku baada ya siku, nyuzi zake zinaanza kuchakaa na kuvurugika. Fikiria kamba ya kisima: haikatiki siku moja, inachanika uzi mmoja mmoja. Na kano haipati damu nyingi kama msuli, ndiyo maana inapona polepole sana. Msuli ukiuchosha leo, keshokutwa uko sawa. Kano inahesabu miezi.

Kitu kingine nilichojifunza: zamani madaktari waliamini huu ni uvimbe unaowaka kwa ndani, kwa hiyo dawa yake ni kuuzima. Lakini mwaka 1979 madaktari wawili wa Marekani, Nirschl na Pettrone, walieleza walichokiona kwenye kano walizozifanyia upasuaji. Hawakukuta dalili za uvimbe unaowaka, walikuta nyuzi zilizochakaa na kujaribu kujijenga upya bila mpangilio. Weka hilo kichwani, maana linahusika sana na habari ya sindano.

SASA TENISI IMEINGIAJE?

Jina limetoka Uingereza. Mwaka 1883 daktari mmoja aliandika kuhusu wacheza tenisi wa kwenye nyasi waliokuwa wanaumwa kiwiko, na jina likanasa hadi leo. Lakini kinachochekesha ni kwamba miaka kumi kabla yake, 1873, daktari Mjerumani aitwaye Runge alishauelezea ugonjwa huohuo, na wagonjwa aliokuwa akiwaandikia walipata shida ya kuandika kwa kalamu! Mashindano ya Wimbledon yenyewe yalianza 1877. Yaani ugonjwa ulikuwepo, tenisi ikaja kuupa jina tu.

Ni kweli wacheza tenisi wanaupata sana, hasa kwa lile pigo la mgongo wa mkono. Hata nyota wa kriketi wa India, Sachin Tendulkar, ulimweka nje mwaka 2004 na akafanyiwa upasuaji London mwaka 2005. Lakini ukienda kliniki yoyote, wagonjwa wengi si wanamichezo. Ni watu wa kazi za mikono, zaidi wenye umri wa miaka 35 hadi 55, na mara nyingi ni ule mkono wanaoutumia zaidi. Tafiti za nchi za wenzetu zinaonyesha kwamba kati ya watu wazima 100, mmoja hadi watatu wanao. Na hao si wote wanaofua kwa mkono kila siku kama mama zetu.

UTAJUAJE KUWA NDIO WENYEWE?

Mtaalamu ndiye wa kukuambia, lakini dalili zake zinaeleweka:

1. Ukibonyeza ile nundu ya nje, au kidogo tu chini yake, panauma.

2. Ukinyanyua kiti kwa kushika mgongo wake, mkono umenyooka na kiganja kimetazama chini, panauma palepale.

3. Nyoosha mkono, mtu akusukume kidole cha kati kuelekea chini wewe ukikaza kisishuke. Panauma tena.

4. Kiwiko kinakunjika na kunyooka vizuri tu, lakini kukamata kitu hakuna nguvu.

Kama maumivu yako ni upande wa ndani wa kiwiko, ule unaogusa mbavu, hilo ni tatizo jingine la jirani yake. Vidole vikifa ganzi, au maumivu yakianzia shingoni na kushuka, huenda chanzo ni mshipa wa fahamu. Na usikae nyumbani kungoja kama ulianguka ukaumia, kama kiwiko kimevimba, chekundu na cha moto, kama una homa, au kama hakikunjiki kabisa. Hayo ni ya hospitali siku hiyohiyo, si ya kujichua.

HABARI YA SINDANO

Nilirudi na mama pale dispensari nikauliza jina la dawa. Mhudumu hakufurahi, lakini akalitaja. Ni steroidi, dawa kali ya kuzima uvimbe. Si sumu na ina matumizi yake halali. Ila angalieni hizi namba.

Mwaka 2002 watafiti wa Uholanzi walichapisha kwenye jarida la Lancet matokeo ya wagonjwa 185 wa kiwiko cha tenisi. Waliwagawa makundi matatu kwa bahati nasibu: waliochomwa steroidi, waliofanyiwa fiziotherapia, na walioambiwa wasubiri tu huku wakipunguza kazi zinazowaumiza.

Baada ya wiki 6, waliofanikiwa katika kundi la sindano walikuwa asilimia 92. Fiziotherapia asilimia 47, waliosubiri 32. Ukiishia hapo utasema sindano ndiyo mpango mzima.

Baada ya wiki 52, yaani mwaka, sindano wakawa asilimia 69. Fiziotherapia 91. Na waliosubiri tu, bila matibabu ya maana, 83!

Soma tena hapo. Waliochomwa walipitwa hata na wale ambao hawakufanyiwa kitu. Mwaka 2013 watafiti wa Australia nao wakalinganisha sindano ya steroidi na sindano ya maji ya chumvi isiyo na dawa. Tatizo liliwarudia asilimia 54 ya waliochomwa steroidi, na asilimia 12 tu ya waliochomwa maji.

Kwa nini? Nadhani sasa mnaweza kukisia. Kama kilichopo ni kamba iliyochakaa, kuzima uvimbe hakuifumi kamba. Steroidi inaondoa maumivu, lakini yenyewe inaweza kuidhoofisha kano. Halafu mtu asiyesikia maumivu anafanya nini? Anafua mablanketi, kama mama. Maumivu yalikuwa mlinzi wa getini, sisi tukamlipa elfu kumi na tano akalale. Juu ya hayo, sindano hiyo inaweza kupausha ngozi pale ilipochomwa, na kwa mwenye kisukari sukari inaweza kupanda kwa siku kadhaa. Mama hakuambiwa hata moja kati ya hayo.

Sisemi kila aliyechomwa atapata matatizo. Nasema mtu aambiwe, achague mwenyewe.

KILICHOMSAIDIA

Badala ya sindano ya nne tulikwenda hospitali kubwa ya serikali, kitengo cha fiziotherapia. Tulipokelewa na dada mmoja kijana mwenye maneno machache. Akamsikiliza mama, akambonyezabonyeza, akamnyanyulisha kiti, halafu akamwambia: "Mama, hiki kinapona, ila kinataka subira. Na sitakuambia uache kazi." Mama akanitazama. Nadhani alikuwa amejiandaa kuambiwa apumzike miezi mitatu, kitu ambacho kwetu hakiwezekani. Akamjibu: "Hapo mwanangu tutaelewana."

Haya ndiyo aliyofundishwa, nayaandika kama yalivyo.

La kwanza, kubadilisha namna ya kufanya kazi. Kunyanyua vitu kiganja kikitazama juu, karibu na mwili, kwa mikono miwili. Kukanda unga, kisha kuuacha umefunikwa nusu saa, unalainika wenyewe na nguvu ya kusukuma inapungua. Kifimbo cha kusukumia kikafungwa kitambaa kwenye ncha kiwe kinene, maana kitu chembamba kinakulazimisha kukikamata kwa nguvu zaidi. Nguo nzito hazikamuliwi, zinatundikwa zichuruzike. Mashuka na mablanketi yanakuja kwangu. Ndiyo, mwenzenu siku hizi ni fundi wa kukamua, cheka ukimaliza.

La pili, mazoezi. Hili ndilo dawa yenyewe. Unakaa, unalaza mkono juu ya meza, kiganja kinaning'inia nje ya ukingo kikitazama chini. Unashika chupa ya maji ya nusu lita, hiyo ni kama nusu kilo. Wiki mbili za kwanza unakinyoosha kiganja usawa wa mkono na kukishikilia hivyo sekunde 30 hadi 45, unapumzika, unarudia mara nne au tano. Baadaye unakinyanyua kwa msaada wa mkono mwingine, halafu unakishusha polepole kwa mkono mbovu wenyewe ukihesabu hadi nne. Mara 10 hadi 15, awamu tatu kwa siku moja. Ikizoeleka, unaongeza uzito kidogo kidogo. Akiona nusu lita ni nzito, mtu aanze na chupa iliyojaa nusu.

Sheria ya maumivu ni hii: yakiwa madogo wakati wa zoezi, ambayo kati ya kumi ungeyapa tatu au nne, endelea. Yakizidi hapo, au kesho asubuhi ukaamka vibaya kuliko jana, umezidisha, punguza. Kano inataka kazi ili ijijenge, ila kazi ya kiasi. Kuulaza mkono kabisa nako kunaidhoofisha.

La tatu, mkanda wa kiwiko. Unafungwa vidole viwili hivi chini ya nundu, si juu yake, wakati wa kazi tu. Usiku unavua. Ukiona vidole vinakufa ganzi umekaza mno. Haumsaidii kila mtu, mama unamsaidia.

Na vidonge? Hapa tuwe waangalifu, maana diklofenaki kwetu inanunuliwa kama pipi. Dawa za kundi hilo zinapunguza maumivu kwa muda lakini haziponyi kano, na ukizimeza mfululizo zinaweza kukuachia vidonda vya tumbo na kuharibu figo. Mwenye vidonda, mwenye figo mbovu, mwenye presha au mjamzito asizimeze bila kumuona daktari. Ile ya kupaka ina madhara madogo zaidi. Kuhusu upasuaji, upo, lakini ni kwa wachache ambao miezi sita hadi kumi na miwili ya mazoezi haikuwasaidia.

ALIPOFIKIA

Sitawadanganya kwamba mama alipona kwa wiki. Mwezi wa kwanza alinung'unika kila siku: "Nimetoka kwenye sindano ya siku nne, mwanangu unanipa chupa ya maji?" Wiki ya tatu alitaka kuacha. Wiki ya sita, bila kutuambia, akafungua kifuniko cha chupa ya mafuta ya kula mwenyewe, akaendelea na kazi kama hakuna kilichotokea. Mimi niliona, nikanyamaza. Sasa tuko mwezi wa tano. Anasukuma kilo nne kama zamani, kukamua bado hajarudia, na siku za baridi kiwiko kinamkumbusha. Hela ya kufua imepungua, siwezi kuficha, lakini chapati hazijasimama hata asubuhi moja na mdogo wangu hajakosa ada.

Ninachojilaumu ni zile elfu arobaini na tano na ile miezi ya sindano, ambayo kano ingekuwa inajijenga. Kuuliza jina la dawa ni bure. Kuuliza "baada ya mwaka nitakuwaje?" nako ni bure. Sisi tuliuliza swali moja tu, "itaacha kuuma lini?", tukajibiwa hilohilo.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Najua humu ndani kuna mafundi rangi, maseremala, vinyozi, akina mama wa kufua, na labda hata mfiziotherapia mmoja wa kunisahihisha nilipoteleza. Nani kashawahi kuumwa hapo kwenye nundu, na alifanyaje? Tuandikiane hapo chini. Mimi naomba kuishia hapa, kuna mablanketi mawili yananisubiri kwenye beseni.